Betri ya Bi Nazira

Novemba 3
Betri asubuhi: asilimia 62. Jua kali.

Kamati ya jengo imenipa kazi. Kwa kuwa nakaa ghorofa ya tano, vidato kumi na vinne tu kutoka paani, nimeambiwa nipande kila asubuhi nikasome betri ina asilimia ngapi. Ustadh Tawfiq, mwenyekiti wetu, alinikabidhi daftari hili kwa mikono miwili utadhani ni cheti. Alisomesha hesabu miaka thelathini na mbili, na mpaka leo anaongea na watu wazima kama wanaochelewa darasani. "Namba tu, Umm Karim," akaniambia, "usituandikie hadithi." Namba nitamtumia kwa simu. Daftari limeshakuwa langu.

Tuko nyumba saba, pamoja na chumba kimoja cha paani. Paneli za sola ni za wote na betri ni za wote. Kila nyumba ina breka ya ampea nne. Ukipitisha inajikata, unabaki gizani na aibu yako. Bi Nazira wa ghorofa ya tatu peke yake ana ampea saba, maana mapafu yake yamechoka na anaishi kwa mashine ya oksijeni. Kila nyumba ilijipunguzia nusu ampea kwa ajili yake, na ikifika saa nne usiku tunazima kila kitu isipokuwa friji, betri inayobaki ni yake hadi jua litoke. Hakuna aliyebisha. Siku tulipokubaliana hivyo nililia. Nchi nzima imeoza, nilisema, lakini ngazi hii bado ina watu.

Novemba 8
Betri: 60. Jua.

Zamu yangu ya kufua, saa tano hadi saa saba mchana, kama ratiba inavyotaka. Umm Rabih wa mlango wa pili alitoka kunichungulia. "Shuka tatu kwa watu wawili? Mmefungua hoteli humo?" Nikamwambia kama kungekuwa na wageni angewajua kwa majina, maana kutwa jicho lake liko kwenye tundu la mlango. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Novemba 15
Betri: 55. Mawingu.

Mume wangu Munir ametuletea hita ya maji, mtumba lakini nzima, ameifunga bafuni. Nilihofia breka. Akasema haihusiani na betri hata kidogo, imeungwa na umeme wa serikali. Ule wa muda wa saa moja tu unaokuja alfajiri unatosha kuchemsha tangi, na tangi limefungwa sufi, maji yanakaa moto kutwa. Mume wangu alikuwa karani bandarini, mtu asiyeweza kuvuka barabara mpaka taa imruhusu hata kama gari hakuna. Sikuuliza zaidi. Nimeoga maji ya moto kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Magoti yamenishukuru.

Novemba 19
Betri: 51. Mawingu, kisha jua kidogo.

"Karibu, mama wa namba." Ndivyo anavyonisalimu Abu Zuheir kila asubuhi. Ndiye anayekaa chumba cha paani na njiwa wake sitini, na ndiye anayefagia vumbi kwenye paneli. Nikamwambia nusu ya hilo vumbi ni kinyesi cha njiwa wake. "Nusu nyingine ni maneno ya Umm Rabih," akajibu.

Namcheka, ila simwamini. Hakuna anayemwamini. Hapa Tripoli mtoto mdogo anajua kwamba ushahidi wa mfuga njiwa haupokelewi mbele ya kadhi, kwa sababu kazi yao ni kuvutia njiwa wa mwenzao, kisha waape kwamba hawajamwona. Abu Zuheir mwenyewe ameapa hivyo mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

Novemba 25
Betri: 41. Mvua.

Novemba 26
Betri: 33. Mvua.

Novemba 29
Betri: 24. Mvua. Ustadh amebandika tangazo ngazini: friji moja kwa nyumba, pasi marufuku. Aliandika "marufuku" kwa wino mwekundu.

Novemba 30
Betri: 0.

Sijawahi kuona sifuri kwenye kioo kile. Nilidhani kimeharibika, nikakipiga kofi. Ndipo nikasikia mlio kutoka chini, ule mlio mwembamba ambao mashine ya Bi Nazira hutoa ikikosa umeme.

Nilishuka bila viatu. Rula, binti yake, alikuwa amepiga magoti anafungua chupa ya chuma ya oksijeni ya dharura, na mikono yake ilikuwa inateleza. Bi Nazira amekaa kitandani, midomo rangi ya bilinganya, macho yamenitulia mimi. Alikuwa ananipungia mkono nikae. Mtu anakosa pumzi anakumbuka kunikaribisha kiti.

Chupa ikafunguka. Rangi ikarudi polepole. Rula akaniambia chupa moja inakaa masaa manne tu, na kujaza nyingine ni mpaka mjini. "Umm Karim, jana saa nne usiku tulikuwa na ngapi?" Nikasema hamsini, Ustadh aliangalia mwenyewe. "Mashine ya mama haili hamsini usiku mmoja. Haili hata ishirini."

Basi nani anakula? Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi.

Desemba 3
Betri: 11. Jana kulikuwa na jua.

Desemba 5
Betri: 0. Chupa tena.

Desemba 6
Betri: 8. Mvua.

Kikao cha jengo, ngazini kama kawaida, kila mtu kwenye kidato chake. Ustadh akaanza: "Hesabu haina upendeleo. Breka za nyumba tunazijua. Kinachopotea, kinapotea huko juu."

"Na huko juu anakaa nani?" Umm Rabih akauliza, anamtazama kila mtu isipokuwa Abu Zuheir.

Abu Zuheir akasimama. "Nina taa moja na redio. Mnajua hivyo."

"Na vifaranga?" mume wa Umm Rabih akamwuliza. "Baridi hii unawapasha kwa dua?"

"Kwa chupa za maji ya moto, ndugu yangu. Panda uone."

"Apa."

"Niape nini, na mmeshasema kiapo changu hakipokelewi?" Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. "Msiniamini. Kule chumba cha betri kuna ubao wa plaiwudi, Khodr fundi aliufunga kwa skrubu nne. Ufungueni, mhesabu nyaya zinazoshuka. Nyumba saba na mimi, nyaya nane. Zikiwa nane nawachinja njiwa wangu wote hapahapa ngazini, mnywe supu."

Kila mtu akatazama kidato chake. Kisha Munir wangu, ambaye vikaoni huwa hafungui mdomo hata kupiga miayo, akasema, "Hatuwezi kufumua mali ya jengo kwa neno la mfuga njiwa." Nilijisikia fahari. Ustadh akasema vizuri, tupige kura. Tukaamua akatiwe waya wake na aondoe njiwa ndani ya siku mbili. Nilinyoosha mkono. Tulinyoosha wote, ila Rula, ambaye alikuwa anatazama saa yake kwa sababu ya chupa.

Desemba 8
Betri: 14. Mvua nyepesi.

Amehamia kwa dada yake, huko Mina, mji wa bandarini. Alishusha vizimba kimoja kimoja, mwenyewe. Nilimfungulia mlango wa chini. "Asante, mama wa namba," akasema.

Desemba 9
Betri: 7.

Saba. Hayupo, waya wake umekatwa, na betri ni saba. Nilimwambia Ustadh, akasema betri huchukua siku kadhaa kupona. Sikujua kwamba betri ni mgonjwa wa homa.

Desemba 14
Betri: 10. Mawingu.

Nilikwenda kumkata Bi Nazira kucha. Amenifundisha kushona huyu mama, nikiwa na miaka kumi na minne, na kila nikikosea alikuwa ananipiga vidole kwa rula ya mbao. Leo vidole vyake ndivyo vilikuwa mkononi mwangu, na ni baridi.

"Wadad," yeye huniita kwa jina langu, "niambie ukweli. Watu wanaichukia mashine yangu?"

"Nani aichukie?"

"Ngazi hii inasema kila kitu, mwanangu, na kitanda changu kiko ukutani. Ndiyo maana mchana naizima. Rula akienda kazini naizima kwa muda wa masaa mawili hivi, nikikaa wima naweza." Akaniona ninavyomtazama. "Usimwambie."

Nikamwambia asirudie, nikamkaripia, sauti ikanipanda. Akageukia dirisha, akasema, "Mrudisheni Abu Zuheir. Nilikuwa nawaangalia njiwa wake dirishani. Sasa natazama mawingu tu."

Desemba 20
Betri: 15. Mvua.

Nitaandika kwa mpangilio, nisipofanya hivyo sitaandika kabisa.

Maji ya mvua yamevuja kwenye ubao wa breka. Ustadh akatangaza kwamba saa nne hadi saa sita atazima breka za nyumba zote, Bi Nazira awekewe chupa, Khodr apakaushe. Umeme wa serikali nao siku ya nne haujaja. Kwa hiyo jengo lilikuwa kimya kabisa, friji zote zimenyamaza. Nikasema nitumie nafasi hiyo kupiga deki. Nikaenda bafuni kukinga maji ya baridi, nikakosea bomba, na maji yakaniunguza.

Maji ya moto, siku ya nne bila umeme wa serikali. Nikainua uso. Kitaa chekundu cha hita kilikuwa kinawaka.

Nikabonyeza swichi ya taa: giza. Nikafungua friji: giza. Nikarudi bafuni: chekundu. Nikaketi sakafuni kwenye maji na gauni langu.

Munir alirudi na mkate. "Hita inapata wapi umeme?" nikamwuliza.

"Wa serikali."

"Haujaja siku nne, Munir."

Akaweka mkate juu ya mashine ya kufulia, kwa uangalifu. "Khodr alisema ni kidogo. Unatoka moja kwa moja kwenye betri, haupiti kwenye breka. Alisema hakuna atakayehisi."

"Bi Nazira amehisi."

"Magoti yako yalikuwa yanakuuma, Wadad. Ulikuwa unaosha vyombo unalia. Nilikuwa nasikia."

Miaka thelathini na nane nimelala na mtu huyu. Namjua anavyokohoa, najua upande gani wa mkate anaanzia kula. Alisimama ngazini akaita neno la mwenzake neno la mfuga njiwa, na mimi nikaona fahari. Na tangu Novemba kumi na tano nimekuwa nikioga pumzi za mwanamke aliyenifundisha kushika sindano.

Desemba 21
Betri: 12.

Khodr amekuja akaukata. Nilisimama pale mpaka amemaliza. Ni kijana mwenye tabasamu zuri, hakunitazama. Munir ameapa kwa mwanetu Karim kwamba hakuna kingine. Tumekubaliana yaishe humu ndani: waya umeondoka, betri itapanda, Bi Nazira atapumua, na baada ya wiki nitatafuta njia ya kumrudisha Abu Zuheir. Mungu atatusamehe yaliyobaki.

Desemba 22
Betri: 9.

Nimepangusa kioo kwa upindo wa gauni. Tisa.

Nilishuka nikamwambia Munir, na uso wake ukafunguka. "Unaona?" akasema. "Unaona, si sisi." Akanishika mabega, nusura anibusu. Sijawahi kumwona mume wangu na furaha ya namna hiyo, na imeniogopesha kuliko kile kitaa chekundu.

Kama si sisi tu, basi yupo mwingine. Hakuna wa kumpata ila kwa kufungua ule ubao, na hakuna atakayeufungua ila mtu aseme anajua kilichopo nyuma yake, na aseme amejuaje. Munir ameniomba nisiseme. Miaka arobaini ya kazi na hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Alikuwa anaongea na soksi zake.

Desemba 23
Betri: 6. Mvua. Sikusema.

Desemba 24
Betri: 5. Mvua. Nilimpelekea Bi Nazira supu ya dengu. Alikunywa vijiko vitatu, akanisifia chumvi. Sikusema.

Desemba 25
Betri: 0. Barabara ya mjini imejaa maji. Mwenye kujaza chupa za oksijeni hakufungua. Sikusema.

Desemba 26
Sikupanda kusoma betri.

Saa mbili asubuhi Rula alipiga kelele ngazini. Chupa imekwisha, mashine imekufa, gari la wagonjwa haliwezi kupita, ila kuna jirani mwenye pikapu iliyoinuka anasubiri kona ya juu. Lifti haina umeme. Wanaume wakamkalisha Bi Nazira kwenye kiti cha jikoni wakamshusha: Munir na Ustadh mbele, mume wa Umm Rabih na kijana wa nyumba namba mbili nyuma. Mimi nilishika mkoba wake wa dawa. Ustadh alikuwa anasema, "Taratibu, taratibu, kidato."

Alikata roho kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza. Hawakujua. Walimshusha mpaka chini, wakamweka taratibu kama alivyokuwa anaambiwa kila mmoja. Rula ndiye aliyepiga magoti, akamtazama usoni, akasema, "Mbona mnaendelea kuhema nyinyi?"

Sijui alimaanisha nini. Sijaweza kula.

Desemba 28
Siku ya tatu ya tanzia. Wanawake kwa Rula, wanaume chini kwa Ustadh. Kahawa chungu, visomo, viti vya kuazima. Kila nyumba imempelekea mfiwa chakula. Meza ya jikoni imejaa sufuria. Abu Zuheir alikuja siku ya maziko, akaleta sahani ya mayai ya kuchemsha. Alikaa mlangoni bila kusalimiwa na mtu, akaondoka.

Leo nilikuwa nimeketi pembeni ya Umm Rabih. Akamwambia Rula, machozi yanamtiririka kweli, "Jipe moyo, mwanangu. Mama yako jengo zima lilimbeba. Kila nyumba ilijinyima nusu ampea."

"Mungu awalipe," Rula akasema.

Nikasimama. Sikupanga. "Rula, mimi nilikuwa na waya wa pili. Wa wizi, kutoka kwenye betri, tangu Novemba. Niliujua tarehe ishirini nikanyamaza."

Msomaji wa Kurani akasita katikati ya aya. Umm Rabih akanivuta gauni. "Kaa chini, Umm Karim, huzuni imekupanda kichwani. Mpeni maji." Nikamtazama ili nimtoe mkono, na macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa Rula. Nikautoa mkono wake.

Rula akaweka kikombe chini. "Nani ana bisibisi?"

Ya cherehani yangu ilikuwepo. Alipanda nayo mbele, sisi nyuma na nguo zetu nyeusi, na wanaume waliposikia vishindo wakapanda nao. Ustadh alitangulia mlangoni mwa chumba cha betri akanyoosha mikono. "Binti yangu, kila jambo na wakati wake." Rula akapita chini ya mkono wake.

Skrubu nne. Ubao ukaanguka. Akahesabu kwa sauti, anagusa mmoja mmoja kwa bisibisi. Nane zilikuwa kwenye bomba jeupe, kama inavyotakiwa, wa Abu Zuheir umekatwa ncha. Kisha tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, na kipande kimoja kilichokatwa, chetu. Khodr ni fundi mwenye utaratibu: kwenye kila waya wa wizi alibandika plasta, akaandika namba ya nyumba asije akasahau. Moja, mbili, tatu, tano, sita. Kwenye kipande, saba. Nne haikuwepo. Nne ni ya Bi Nazira. Na wa chumba cha paani haukuwepo.

"Aliniambia ni mimi peke yangu," mume wa Umm Rabih akasema.

Ustadh Tawfiq alikuwa anatazama namba tatu. "Na mimi," akasema polepole, "aliniambia hivyohivyo."

Ndipo nikaelewa kikao cha Desemba sita. Nilidhani tulikataa kuhesabu nyaya kwa sababu hatumwamini mfuga njiwa. Kumbe kila mmoja pale ngazini alimwamini kabisa.

Rula alinirudishia bisibisi, akashuka.

Desemba 29
Betri: 71. Mvua usiku kucha.

Jana jioni kila mtu alikata wake. Kila mmoja peke yake, na tulisikiana tukipanda na kushuka. Mvua haijaacha, jua hatujaliona siku tano, na jenereta ya msikiti wa jirani ilituchajia betri kwa masaa machache tu alasiri. Sabini na moja. Nilikaa kwenye kidato cha juu kabisa mpaka baridi iliponiinua.

Nilipofungua mlango wangu nikakuta sufuria yangu imewekwa chini, katikati kabisa. Wali na dengu niliompelekea Rula, vitunguu juu, kijiko hakijagusa. Mlangoni kwa Umm Rabih kulikuwa na sinia lake la kebe, zile kababu za nyama na ngano, limefunikwa kwa kitambaa alichofunikia mwenyewe. Nikashuka. Ghorofa ya nne, bakuli. Ya pili, sufuria mbili. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Sijawahi kuona, tangu nizaliwe, kikirudishwa kimejaa chakula kilekile.

Niliporudi ghorofa ya tatu, mlango wa Rula ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa mezani na Abu Zuheir, anamenya yai, maganda anayapanga pembeni. Nilikuwa bado nimeshika sufuria yangu, sijui kwa nini nilishuka nayo. Nilitaka kusema kitu, nilikuwa nimekiandaa tangu ghorofa ya tano.

"Chakula chenu kimepoa," Rula akasema, hakuinua macho. "Kapasheni moto. Leo umeme upo."